Dereva Aliyebeba Kigoda

Hakuwahi kuingiza gari uani. Hata njia ikiwa pana na kavu, alilisimamisha chini kabisa, pale njia ya kijiji inapoachana na barabara. Alizima injini, akavua kofia akaitundika kwenye usukani, kisha akapanda kilima kwa miguu, kigoda kwapani. Kilikuwa kigoda cha kawaida cha miguu mitatu, cha mti mwekundu mzito, na kilikaa nyuma ya kiti chake miaka yote aliyoendesha gari la hospitali. Watu wa Kibondo walipomwona anapita kwa gari walimpungia mkono. Walipomwona anapanda kwa miguu na kigoda walisimama kimya, wakihesabu nyumba zilizobaki mbele yake.

Kazi aliyoajiriwa kufanya ilikuwa udereva. Kupeleka habari hakuna aliyempa. Ilimwangukia tu, kwa sababu mtu akifa ghafla, barabarani, shimoni au kwa radi, lazima awepo wa kufika kwao kabla ya maiti, na wenye vyeti siku zote walikuwa na shughuli nyingine. Sijui alizaliwa wapi, wala ukoo wake sikuwahi kuuliza. Wote tulimwita Dereva. Hata mkewe alimwita Dereva.

Kigoda hakikuwa chake cha kukalia. Kilikuwa cha yule atakayeambiwa.

"Watu huanguka," alinieleza siku moja nilipomuuliza, maana mimi huuliza kila kitu. "Mwanzoni nilikuwa nasema nikiwa nimesimama, na mtu akiwa amesimama. Mama mmoja akaniangukia jikoni, mkono ndani ya moto. Nilikuwa nimempelekea msiba, nikamwongezea na kidonda. Tangu hapo, kigoda kwanza."

Mtu akishakaa, yeye alichuchumaa mbele yake, macho yake yakiwa chini ya macho ya mfiwa. Kisha alisema neno lenyewe: amekufa. Hakusema hatunaye, wala amepumzika, wala hali yake si nzuri, njooni hospitali. Alisema jina, akasema amekufa, akanyamaza kidogo. Ndipo alipoeleza mambo yalivyokuwa, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni.

Maelezo hayo hakuyapata kwa kusikia. Kabla ya kwenda kwa wafiwa alikwenda kwanza mahali palipotokea jambo. Alitazama mchanga, akatazama jiwe, akauliza waliokuwepo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni udadisi wa mzee. Baadaye nilimwona akifanya hivyo kwa kijana aliyefukiwa na udongo akichimba choo. Ndugu walikuwa wameshaanza kumtazama jirani mmoja kwa macho ya pembeni. Dereva akawaeleza mvua ilinyesha usiku upi, udongo ulipasuka upande gani, kijana alikuwa ameinamia nini. Akaeleza mpaka hapakubaki pa kumweka jirani.

"Uchawi huingia pale ulipoacha wazi," alisema tukishuka. "Ziba."

Neno lake la pili lilikuwa kwamba mfiwa huanza na swali dogo. Haulizi kwa nini. Anauliza kama alikuwa amekula, shati alivaa lipi, simu yake iko wapi. Na swali dogo, alisema, ndilo la kujibiwa kwa uangalifu kuliko yote.

Aliwahi kutumwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa mama wa Kikongo aliyeuza maandazi. Mumewe alikuwa ameangukiwa na gogo alipokwenda kutafuta kuni. Mama yule alikaa kwenye kigoda, akalisikia neno.

"Shofere," akasema, "alikuwa na viatu mu miguu?"

Dereva hakujua. Angeweza kusema ndiyo. Alisema, "Sijui, mama. Nitakwenda kuangalia." Akageuza gari mpaka hospitali, akarudi kesho yake na jibu: kiatu cha kulia kilikuwepo, cha kushoto hakikuonekana.

Nilimwambia hilo halikuwa na maana yoyote. Mtu amekufa, kiatu cha nini? Na kama ni kumfariji, si angemwambia tu alivaa vyote viwili?

"Ukimdanganya kiatu, msomi," akasema, "kesho atajiuliza kama hukumdanganya na mguu."

Msomi aliniita kabla sijasoma chochote. Nilikuwa kidato cha pili tu, mbishi, nikimuuliza padre maji ya gharika yalikwenda wapi.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa huzuni. Kwenye drafti ya vizibo vya soda alikuwa mwizi wa wazi. Mtu huyu, ambaye kwenye kifo hakuongeza wala kupunguza kiatu, alikuwa akikohoa kwa nguvu ili ugeuke, na ukirudisha macho kizibo chako kimoja hakipo. Ukimkamata anacheka mpaka machozi, halafu anaiba tena. Kanisani alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, akasinzia kuanzia somo la kwanza. Niliwahi kumuuliza kama anaamini. "Nikiwa kwenye gari naamini breki," akasema. "Nikishuka, tutaongea." Mazishini aliondoka kabla udongo haujaanza kumwagwa. Alikuwa amewafunga maiti vidole vya miguu, amewabeba mgongoni, amekaa nao ndani ya gari saa nzima, lakini sauti ya udongo kwenye mbao hakuiweza, na hakuona aibu kulisema hilo.

Na alikula. Kwenye kila nyumba yenye msiba, akipewa chakula alikula, na alilalamika chumvi. "Maharage yenu hayana chumvi," alisema mbele ya wafiwa, na watu wa kando walikasirika, lakini kila mara niliona mwanamke mmoja akiinuka kwenye mkeka kwenda kutafuta chumvi, mwanamke ambaye tangu asubuhi alikuwa hajainuka. Nilidhani ni mbinu. Nikaisifu, nikamwambia mkewe. Mkewe akacheka sana.

"Mbinu gani? Mimi ndiye niliyemharibu ulimi. Kwetu tunakula chumvi kama ng'ombe."

Nilikwenda kula kwao nikathibitisha. Maharage ya mke wa Dereva yalihitaji mtungi mzima wa maji.

Baada ya watu kuondoa matanga, yeye ndipo aliporudi. Hakuja na maneno. Alikuja na jembe, au na swali kuhusu mbegu, akakaa saa moja, akaenda. Simu aliizima tangu siku aliyoinunua, akaiwasha tu akitaka yeye kupiga. "Simu inaingia na habari bila kuvua viatu," alisema. Mkewe akitaka kumwita alimtuma mtu.

Sasa nieleze kwa nini ninamjua hivi.

Mimi ni Butoyi. Huku kwetu kila pacha anayetangulia kutoka ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, wa kiume au wa kike, huna la kuchagua. Kaka yangu alinitangulia kwa muda wa kuchemsha maji, kama mama alivyopenda kusema, na kwa muda huo mdogo akajipa ukubwa wa miaka kumi. Tuliishi Kitahana na mama yetu na bibi. Baba alikuwa amefariki zamani, na mambo ya wanaume yalisimamiwa na baba mdogo.

Tulikuwa kidato cha pili siku Dereva alipopanda kilima chetu na kigoda. Bukuru alikuwa ameondoka alfajiri kwa baiskeli kupeleka ndizi Kibondo mjini. Mama alikuwa anaanika mihogo. Alimwona Dereva akipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya ya tatu tulibaki sisi tu.

Akamkalisha. Akachuchumaa. Akasema, "Bukuru amekufa."

Siwezi kuielezea sauti aliyoitoa mama. Kijana alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la mbao, Dereva alieleza yote, na sisi hatukusikia hata nusu. Uwanja ukajaa. Baba mdogo akaondoka na Dereva kwenda kuutambua mwili. Saa kumi, watu wakiwa wamekaa mpaka nje ya uzio, tukasikia mtu anapanda kilima akilia kwa sauti, akiita, "Bibi! Bibi yangu!"

Alikuwa Bukuru, anasukuma baiskeli. Alikuwa amesikia kilio tangu bondeni, akaona bibi ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote, akahitimisha mwenyewe. Watu wakamkimbia. Bibi akatoka ndani kuuliza nani anamwita, na Bukuru naye akamkimbia bibi. Mama peke yake hakukimbia. Alimwendea akamshika masikio yote mawili, akayavuta huku na huku kama anayeangalia kama ni yake, kisha akampiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akaanza kucheza. Alicheza pale pale, na waliokuja kulia wakacheza naye.

Aliyekufa alikuwa Bukuru wa Gwarama, aliyekuwa amepanga chumba hapo Kitahana. Wenzake wa kwenye lori walisema ni Bukuru, anakaa Kitahana, ana pacha wa kike. Dereva alipofika senta akauliza nyumba ya Bukuru mwenye pacha wa kike, na watu wote wakanyoosha kidole kwetu.

Alirudi jioni ile ile. Alipiga magoti tangu kwenye uzio. Baba mdogo alishika fimbo, mama akamnyang'anya.

"Niliuliza jina," Dereva akasema. "Nilisahau kwamba jina la pacha si jina, ni cheo tu."

Tangu siku hiyo aliongeza jambo kwenye kazi yake. Hakupanda tena kilima bila kujua alama moja mwilini ambayo mama wa mtu angeijua. Na tangu siku hiyo akawa mtu wa nyumba yetu. Mama alimpa jina lake mwenyewe, Mwongo wangu. "Karibu, Mwongo wangu. Leo umemuua nani?" Naye alijibu, "Leo nimekuja kula tu, Mama Bukuru, na chumvi najua hamna." Bukuru alijifunza drafti kwake, pamoja na wizi wake. Ulikuwa utani mzuri. Uliendelea miaka saba.

Siku kaka yangu alipokufa kweli mimi nilikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu. Alikuwa anaendesha bodaboda. Mvua ilinyesha mchana, lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara ya Kasulu, halina alama, na yeye alitokea kwenye kona. Dereva alikuwa amebakiza wiki tatu kustaafu, na zamu haikuwa yake. Alimwomba mwenzake funguo. Alimjua Bukuru vizuri kuliko wajomba zetu walivyomjua, lakini aliutafuta mguu wa kushoto, akaliangalia kovu la sufuria ya maharage tuliyoimwaga tukiwa na miaka minne. Uso haukutazamika.

Akapanda kilima chetu na kigoda.

Mama alipomwona alicheka. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alicheka. "Mwongo wangu, umerudi tena na kigoda chako?" Dereva akakiweka chini. Mama hakukaa. Dereva akachuchumaa mbele ya kigoda kitupu, mama akiwa amesimama juu yake na mwiko mkononi, akalisema neno.

"Nenda kaangalie vizuri," mama akasema. "Huyo ni wa watu. Wangu atarudi saa kumi."

Kisha akampakulia maharage.

Nilifika kwa basi siku iliyofuata. Jeneza lilikuwa limefungwa, na wazee walikuwa wamekataa lifunguliwe. Mama alinipokea mkoba.

"Pole na safari, mwanangu. Tunamsitiri kijana wa watu hapa, hata kwao hakujulikani. Usilie sana, utaumwa kichwa."

Alihudumia msiba ule kama jirani mwema. Alipika, alitandika mikeka, aliwapa pole wanawake wenzake kwa kumpoteza mtoto wa watu. Makaburini alisimama mbali. Walipomwaga udongo nilimtafuta Dereva kwa macho, nikijua ameshaondoka. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama kando ya mama, ameziba masikio kwa mikono miwili kama mtoto, na hakuondoka.

Na jioni, saa kumi ilipopita, mama alitenga sahani, akaifunika.

Aliitenga kila siku. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua majina ya hali ya mama kwa lugha mbili, na nilijua kwamba hayamsaidii. Nilimletea cheti cha kifo. Nikachukua simu yangu, yenye picha ambayo rafiki wa Bukuru alipiga pale barabarani, nikasema nitamwonyesha, aone, yaishe. Dereva alinikuta mlangoni. Aliichukua simu mkononi mwangu kwa upole, akaizima.

"Karatasi na picha ni za serikali," akasema. "Mama hana kesi."

Ndipo nikamwambia. Nilikuwa nimelibeba tangu mazishini. "Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba kifo hukosea. Watu wote hapa wanafiwa wanalia, yeye peke yake amenyimwa. Wewe ndiye uliyemnyima."

Nilitaka ajitetee. Hoja zangu zote nilikuwa nimezipanga.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Akaanza kuja kila Alhamisi. Alikuwa amestaafu, hana gari tena, alikuja kwa baiskeli, kigoda kimefungwa nyuma. Alikiweka mbele ya mlango wa jiko, yeye akakaa chini kwenye vumbi. Mama alimwita Mwongo, sasa bila kucheka. Alimtuma kuni, akamtuma maji, mzee mwenye magoti mabovu. Walipalilia maharage pamoja. Mama akimsimulia habari za Bukuru kama za mtu aliye safarini, Dereva alisikiliza, hakusahihisha wala kuitikia. Akiulizwa, "Wewe unaonaje, atakuja leo?" alijibu, "Nilikwambia nilichokiona, Mama Bukuru." Sentensi hiyo hiyo, kila Alhamisi. Mama akakipita kigoda kuingia jikoni, naye jioni akakifunga tena kwenye baiskeli.

Nilimwambia anapoteza muda. Akasema muda ndio kitu pekee alichostaafu nacho.

Ilipita zaidi ya miezi kumi na miwili. Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri kazi, nikigombana na kila mtu. Alhamisi moja, maharage yakiwa yamekauka tayari kwa kung'olewa, Dereva alikuja kwa miguu. Nyuma yake alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mkubwa kidogo kwa mama, amebeba kapu la viazi vitamu kichwani. Alilitua kapu, akamsalimia mama kwa Kiha, akaulizia mvua ya huku. Mama akamkaribisha bila kumjua.

"Natoka Gwarama," yule mwanamke akasema.

Mama akaacha kupepeta.

"Mimi pia ni Mama Bukuru," akasema. "Siku ile mlipokuwa mnacheza hapa, nilisikia mlicheza. Sikukasirika. Mimi ningecheza."

Dereva alikuwa anaangalia miguu yake. Baadaye nilijua ilimchukua miezi mingapi kumfikia mwanamke huyu. Siku ile ya zamani, wakati yeye yuko kwetu na habari isiyo yetu, mchuuzi mmoja alipita Gwarama akamkuta huyu mama kisimani, ameinama na ndoo, akamwambia tu, "Pole na msiba." Ndivyo alivyojua. Hakuwekewa kigoda, na wa kumjibu maswali madogo hakuwepo. Miaka yote hiyo Dereva hakuwa na uso wa kwenda kwake. Alikwenda kwa ajili ya mama yangu. Alimwomba msamaha kwanza, akarudi nyumbani, akaenda tena, na safari ya tatu ndipo alipomwomba aje Kitahana.

Yule mwanamke alimsogelea mama.

"Dada," akasema, "alikosea mara moja. Yule wa kwanza alikuwa wangu. Nimemzika, najua. Wangu hawezi kufa mara mbili." Akamshika mkono. "Kwa hiyo huyu ni wako."

Mama aliangalia ungo aliokuwa ameushika. Aliangalia kigoda. Kisha akakaa. Alikaa polepole, kama mtu anayekaa kwenye maji, na alipokwisha kukaa Dereva alitambaa kutoka pale vumbini, akachuchumaa mbele yake, akalisema neno lile upya, tangu mwanzo, pamoja na barabara na kona na lori na mguu wa kushoto. Safari hii mama alisikia yote. Yule mama wa Gwarama alimshikilia mabega. Mimi, mwenye maswali, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kama mtoto, maana na mimi nilikuwa sijalia. Nilikuwa na kazi ya kubishana.

Baadaye kidogo mama aliuliza swali lake dogo. Aliuliza kama Bukuru alikuwa amevaa koti lake la mvua. Alikuwa amelivaa.

Kigoda kilibaki kwetu. Dereva hakukidai.

Siku nyingine tukichambua maharage, mama aliniambia jambo ambalo sijalipatia nafasi kwenye elimu yangu yote. "Nilijua tangu siku ile ile," akasema. "Alikula sahani nzima na hakulalamikia chumvi."

Nilipata kazi ya ualimu Kasulu. Mke wa Dereva akawa anakuja kwangu mara moja moja, analala siku mbili, ananunua vitenge vinavyopita mpakani Manyovu, anarudi navyo Kibondo kuuza. Alinicheka kwa namna ninavyopika. Juzi hizi, mwezi haujaisha, aliondoka kwangu asubuhi kwenda sokoni. Saa tano wanafunzi walinifuata darasani. Alikuwa ameanguka mbele ya meza ya vitenge. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Nilisimama ukumbini na simu mkononi, nikijua ya Dereva imezimwa. Nikampigia mama.

Mama alisikiliza, akauliza, "Ulikwenda kuangalia mahali?"

"Bado."

"Nenda. Kisha mlete. Nisubirini njia panda, tutapanda pamoja."

Nikaenda sokoni. Nikamuuliza mwenye meza, nikamuuliza muuza vitunguu wa jirani. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameshika kitenge cha njano, akasema huyu Dereva nikimvalisha hiki atakimbia nyumba, akashika kifua, akakaa chini, akalala. Haikuchukua muda. Niliyaandika kichwani kwa mpangilio.

Mama alikuwa njia panda, amevaa kanga safi, kigoda kwapani. Alipanda mbele ya gari lililombeba marehemu. Tulipofika chini ya kilima cha Dereva alimwambia kijana wa gari asimame hapo hapo na azime injini. Tukapanda kwa miguu.

Alikuwa ubarazani, amepanga vizibo kwenye ubao, anacheza peke yake na bila shaka anajiibia. Alitusikia akainua kichwa. Alimwona mama kwanza, akaanza kutabasamu. Kisha akakiona kigoda.

Hakuinuka. Alikitazama kikija, hatua kwa hatua, kitu alichokibeba yeye miaka yote ile na ambacho, nafikiri, hakuwahi kukiona kikitoka upande huo.

"Mama Bukuru," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie wewe ni mwongo."

Mama alikiweka kigoda mbele yake, akakigeuzageuza mpaka kikatulia kwenye udongo.

"Leo si mwongo, Dereva. Njoo ukae."

Akaja akakaa. Mama, na magoti yake mabovu na yeye, akachuchumaa, akamtazama kutoka chini, akalitaja jina la mkewe ambalo sijawahi kusikia mtu akilitaja, akasema amekufa. Akanyamaza kidogo. Kisha akanigeukia, na mimi nikachuchumaa kando yake nikaeleza meza, kitenge cha njano, kicheko, mkono kifuani, moja baada ya jingine, nisiongeze wala kupunguza.

Dereva alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ukingo wa kigoda kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa amekula?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililipika mimi mwenyewe.

"Amekula, baba. Maharage na ugali wa muhogo, asubuhi kwangu, kabla ya kutoka. Alisema sijui kupika. Alisema hayana chumvi, akajiongezea."

Alifumba macho. Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, na machozi yakaanza kushuka.

"Basi ni yeye," akasema.